Sherehe za theluji Sapporo: jibu kwa mwalimu wa Buruburu

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Buruburu. Chama chetu cha wanawake watano kimeweka akiba miaka minne ili twende Japani kuona sherehe za theluji mwezi wa Februari. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika theluji. Tumeorodhesha sherehe sita, kuanzia Harbin kule Uchina hadi Abashiri, na tuna siku kumi na mbili. Mwenzetu mmoja ana miaka 67 na magoti humsumbua. Baadhi yetu wanasema abaki. Tupange vipi, na hiyo baridi tutaihimili vipi?"

Mwalimu, pokea salamu zangu, wewe na wenzako wote wa chama.

Nianze na hilo la mwenzenu mwenye magoti, maana ndilo linaloamua mengine. Mama asibaki. Aende, na ratiba nzima ipangwe kwa mwendo wa magoti yake. Sisemi hivi kwa kumwonea huruma. Kwa miaka tisa nimekuwa nikipeleka vikundi kutoka Nairobi hadi Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini mwa Japani, na safari zilizoharibika mikononi mwangu ni zile nilizozipanga kwa kumwangalia mwenye nguvu kuliko wote kundini. Juu ya barafu kila mtu ana magoti mabovu. Unatembea polepole, unachoka mapema, giza linakukuta bado una mipango, na kila baada ya saa moja nje unatafuta mlango wenye joto. Ratiba itakayomfaa mama huyo ndiyo itakayowafaa nyinyi nyote.

Basi tuikate hiyo orodha ya sherehe sita.

Harbin itoke kwanza. Ni ajabu ya dunia, sibishi: barafu inakatwa vipande kutoka mto Songhua na kujengwa majumba yenye ngazi ambazo watu wanapanda. Lakini hiyo ni nchi nyingine na viza nyingine, na baridi yake hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na kuendelea. Hapo si mahali pa kujifunzia theluji. Abashiri nayo iko kwenye bahari ya Okhotsk, ambako watu hupanda meli kuona mapande ya barafu yanayoelea baharini. Kutoka Sapporo, mji mkuu wa Hokkaido, ni zaidi ya saa tano ndani ya treni, kwenda tu. Itawangoja. Kinachobaki ni mji mmoja wa kulala, yaani Sapporo, na matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo: Otaru, ziwa Shikotsu, na Asahikawa mkijisikia mna nguvu. Usiku saba, kitanda kilekile. Mkiyashika haya tu na kusahau mengine yote, bado mtakuwa na safari nzuri.

Sherehe kuu ya Sapporo, Yuki Matsuri, ilifanyika tarehe 4 hadi 11 Februari mwaka 2024, 2025 na 2026. Thibitisheni tarehe za mwaka wenu kabla ya kulipa chochote. Sherehe ya Otaru kwa kawaida huanza kabla ya Sapporo kufunga, ya Asahikawa huwa wiki hiyohiyo, na ya Shikotsu huanza mwishoni mwa Januari ikaendelea hadi baada ya katikati ya Februari. Mkiingia Sapporo tarehe 6 na kutoka tarehe 13 mtazikuta zote zikiwa hai. Tarehe 11 ni sikukuu ya taifa ya Japani na watu hufurika, kwa hiyo siku hiyo msiwe katikati ya mji. Msisogeze safari mbele mkidhani mtakuta mabaki, pia. Sherehe ikifungwa, asubuhi yake matingatinga yanaingia na kubomoa sanamu zote kwa usalama wa watu. Kundi langu moja liliwahi kufika tarehe 12 mchana kwa sababu ya ndege iliyochelewa, na tulichokuta ni vilima vya theluji chafu na mafundi wakikunja kamba.

Ni vizuri mjue mnachokwenda kutazama. Mwaka 1950 wanafunzi wa shule za sekondari walichonga sanamu sita za theluji katika bustani ya Odori, mahali ambapo watu wa mji walikuwa wakimwaga theluji iliyozolewa barabarani. Mwaka 1955 wanajeshi wakaingia na malori yao, na hapo ndipo sanamu zikaanza kuwa kubwa kama ghorofa. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1972 iliyofanyika Sapporo ikaupeleka mji huo kwenye televisheni za dunia. Siku hizi watu wapatao milioni mbili hupita hapo. Theluji ya sanamu kubwa haizolewi pale bustanini. Inaletwa kwa malori kutoka nje ya mji, ikiwa safi, inashindiliwa ndani ya viunzi vya mbao hadi iwe ngumu kama jiwe, kisha viunzi vinaondolewa na kuchonga kunaanza. Kazi hiyo huchukua takriban mwezi mzima.

Odori ni bustani nyembamba ndefu, kama kilomita moja na nusu, imepita katikati ya mji. Watu wengi huipitia mara moja wakapiga picha na kuondoka. Nyinyi ipitieni mara mbili au tatu, kidogokidogo. Nendeni asubuhi siku ya kazi, jua likiwa chini, wakati alama za patasi zinaonekana kwenye sanamu. Rudini usiku, maana taa huwaka hadi saa nne. Theluji ikianguka usiku, asubuhi yake wahini mapema. Mtawakuta mafundi kwenye ngazi wakizipangusa sanamu kwa ufagio laini, kwa sababu theluji mpya huziba macho, pua na mikunjo yote waliyochonga. Mwaka mmoja nilisimama dakika ishirini nikimtazama mzee mmoja akiirudishia sanamu kidole kilichokatika. Alichota theluji, akailowesha kwa maji ya chupa, akaifinyanga kama unga wa chapati kisha akaibandika na kuishika tuli hadi igande. Sanamu yenyewe haikumzidi sana kimo. Ilikuwa katika sehemu ya wananchi, upande wa magharibi, ambako familia na marafiki wa kazini hupewa nafasi ya kuchonga cha kwao. Wageni wengi hugeuka kabla ya kufika huko. Msigeuke. Mimi napapenda huko kuliko kwenye yale majumba makubwa.

Sehemu ya pili ya sherehe ni Susukino, mtaa wa mikahawa na taa za rangi, ambako sanamu ni za barafu tupu inayopitisha mwanga. Katika baadhi yake wamegandisha samaki na kaa wazimawazima ndani. Hapo nendeni usiku. Sehemu ya tatu, Tsudome, iko nje kidogo ya mji na ni ya michezo: mnateleza kwenye mteremko wa theluji mkiwa mmekalia boya. Wengi hudhani ni ya watoto tu. Mwalimu, nimeona wanawake wa miaka sitini wakishuka pale wakipiga vigelegele, na sijasikia Mjapani yeyote akilalamika. Mama mwenye magoti asiteleze. Ndani ya jumba la pale kuna joto, viti na chakula. Na akitaka ushahidi kwamba Mkenya anaweza kusimama kwenye theluji ya Japani, mkumbusheni Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji aliyefunzwa kuteleza kwa skii kule Finland na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye mstari hadi alipofika akamkumbatia.

Sasa siri ya Sapporo inayomhusu mama moja kwa moja. Chini ya barabara kuna njia ya waenda kwa miguu kutoka kituo kikuu cha treni kupitia Odori hadi Susukino, karibu kilomita mbili, sehemu kubwa ya mwisho ikiwa imefunguliwa mwaka 2011. Kule chini hakuna theluji wala barafu. Kuna joto, vibanda vya kahawa na sehemu za kukaa. Mama anatembea chini kwa starehe yake, anapanda kwa lifti pale Odori, anatazama sanamu tatu, anashuka tena. Anakunywa chai. Anapanda tena mbele kidogo. Kwa hiyo hoteli yenu iwe karibu na kituo chochote cha njia hiyo au kituo kimoja mbele kwa treni ya chini ya ardhi, hata ikiwa ghali zaidi kuliko ya mbali. Pesa mtakazookoa kwa hoteli ya mbali zitaishia kwenye teksi.

Hoteli, kwa kweli, ndiyo itakayowaumiza. Wiki ile bei hupanda sana na vyumba huisha miezi mingi kabla. Wekeni nafasi sasa, kwenye chumba kinachoruhusu kughairi bila malipo. Mkikosa kabisa Sapporo, laleni Otaru au mji wa Chitose karibu na uwanja wa ndege, ambako treni ziko nyingi.

Otaru iko dakika thelathini na kitu hadi arobaini kwa treni kutoka Sapporo. Ni mji wa bandari ya zamani wenye mfereji na maghala ya mawe, na tangu mwaka 1999 watu wake huwasha mishumaa kila jioni kwa wiki moja hivi ya Februari. Mingine huelea mfereji mzima ndani ya maboya ya kioo kama yale waliyokuwa wakitumia wavuvi, mingine hukaa ndani ya vitundu vilivyochimbwa kwenye kuta za theluji. Hakuna muziki wa kelele. Nendeni mchana, mle samaki, mjikalie ndani ya duka la vioo au mkahawa, kisha mtoke kiza kikianza. Mtashangaa jinsi kinavyoanza mapema. Sisi tumezoea jua linalozama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Kule mwanzoni mwa Februari linazama hata saa kumi na moja haijagonga. Tahadhari moja: kutoka kituoni hadi mferejini ni mteremko, na ukikanyagwa na watu wengi unakuwa kioo. Mama apande teksi hapo, kwenda na kurudi.

Ziwa Shikotsu nalo liwe siku ya peke yake. Ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano, lenye kina cha zaidi ya mita 360, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba barafu inayotengenezwa nayo huwa na ubluu ambao sijauona kwingine. Hawachongi pale. Wananyunyizia maji ya ziwa juu ya viunzi usiku baada ya usiku hadi barafu ijijenge yenyewe kuta, mapango na minara. Mabasi ni machache, kwa hiyo angalieni la kurudi kabla hamjapanda la kwenda.

Katikati ya hizo siku saba wekeni siku moja tupu. Kikundi kimoja kilinibishia hapo wakisema hawakulipa nauli ya Japani ili walale. Siku ya tano watatu walikuwa na mafua na siku ya sita hakuna aliyetoka hotelini. Siku hiyo tupu inafaa kwenda Jozankei, takriban saa moja kwa basi, kwenye chemchemi za maji moto, kuyaloweka magoti theluji ikianguka juu ya vichwa vyenu. Mjue mapema kwamba watu huoga uchi, wanawake upande wao na wanaume wao, na unajisafisha kwa sabuni kabla ya kuingia majini. Ikiwa kuna asiyeweza hilo, asilazimishwe. Kuna hoteli zenye vyumba vya kuogea vya faragha kwa malipo ya ziada. Siku tupu pia ni akiba ya hali ya hewa. Mwezi wa Februari 2022 theluji ilianguka Sapporo kwa wingi hadi treni zikasimama kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, ndege yenu ya kutoka Hokkaido isiwe siku moja na ile ya kurudi Nairobi. Laleni Tokyo usiku mmoja.

Asahikawa ni dakika 85 kwa treni ya haraka, na huko ndiko iliposomwa baridi kali kuliko zote katika kumbukumbu za Japani, nyuzi 41 chini ya sifuri, tarehe 25 Januari 1902. Sanamu zake ni kubwa sana na watu ni wachache kuliko Sapporo. Uamueni mkiwa kulekule.

Nije kwenye baridi yenyewe. Mwezi wa Februari mchana wa Sapporo hukaa karibu na sifuri, usiku hushuka nyuzi 6 au 7 chini yake, na siku mbaya hupita 10. Baridi ya Limuru ya mwezi wa saba, ile inayotufanya tulale na soksi, haifiki hata karibu na sifuri. Lakini nisikilizeni: wengi wa wateja wangu husema waliteseka zaidi Limuru. Limuru kuna unyevu, na ndani ya nyumba ni baridi kama nje. Kule nje ni kukavu, na ndani ya treni, duka au hoteli kuna joto la kukutoa jasho. Hilo jasho ndilo adui. Ukivaa kabuti moja zito kama blanketi, utalowa jasho dukani, kisha utoke nje ukiwa umelowa, na hapo baridi inakushika kweli. Vaeni nguo nyepesi nyingi za kuvua na kuvaa: fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana ya sufi au ya kitambaa cha michezo, sweta ya sufi juu yake, kisha jaketi lisilopenya maji wala upepo. Fulana za pamba ziacheni nyumbani, maana pamba hunywa jasho na haikauki. Marvin ya kufunika masikio, skafu, na glavu za tabaka mbili: nyembamba ndani ya nene, ili ukitoa pesa usibaki na vidole vitupu.

Msinunue majaketi mapya ya bei ghali. Nendeni Gikomba au Toi asubuhi ya siku marobota yanapofunguliwa, muulize majaketi ya skii. Yamejaa, kwa sababu hapa Nairobi ni wachache wanaoyataka. Ligeuzeni ndani nje. Mishono ikiwa imezibwa kwa utepe unaong'aa kama wa plastiki, hilo lilitengenezwa kwa theluji. Utepe ukiwa unabanduka ukiukwaruza kwa ukucha, liache. Kwenye pindo la mkono tafuteni kile kikono cha ndani chenye mpira kinachozuia theluji isiingie. Fungeni na kufungua zipu mara tatu mkiwa na glavu mkononi, na kama haifungiki hivyo haina kazi kule. Mwisho mwombeni muuzaji maji kidogo myadondoshee begani: yakikaa juu kama yanavyokaa kwenye jani la nduma, lipeni. Yakizama, ombeni bei ipungue, maana kuna dawa ya kupulizia inayorudisha kinga hiyo.

Viatu, kinyume chake, msinunue vya mitumba. Nasema hivi kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nilimshauri mteja achukue buti zuri la theluji alilolipata kwa bei ya kutupa. Lilionekana jipya. Soli za aina ile huzeeka kwa ndani hata zisipovaliwa, na siku ya kwanza pale Odori soli yote ya mguu wa kulia ilibaki kwenye theluji, ikimeguka kama keki kavu. Alirudi hotelini na mfuko wa plastiki mguuni. Nunueni buti Sapporo siku mnayofika. Soli zao zimetengenezwa kwa barabara zao. Namba zao ni sentimita, na viatu vya wanawake mara nyingi huishia 25, ambayo ni kama 40 ya kwetu. Mwenye mguu mkubwa zaidi aende moja kwa moja upande wa wanaume. Kwenye maduka madogo yaliyo kila kona wanauza pia mikanda ya mpira yenye meno ya chuma, ya kuvalisha chini ya kiatu. Mama avae hiyo kila anapotoka nje, avue akiingia ndani, maana kwenye vigae vya dukani meno hayo yanateleza vibaya. Na fimbo ya kutembelea iwe na ncha ya chuma.

Namna ya kutembea ni hii: hatua fupi, unyayo wote ukanyage kwa pamoja, magoti yalegezwe kidogo, mikono isiwe mifukoni. Penye hatari zaidi ni pale mnapovuka barabara, ambapo magari yameisugua theluji ikawa kioo, na milangoni mwa maduka. Taa ya kijani ikianza kupepesa mkiwa bado ukingoni, ngojeni nyingine. Watu wa Nairobi tumezoea kukimbilia matatu na miguu inataka kukimbia yenyewe. Mteja wangu mmoja alivunjika mkono hivyo, mita kumi kutoka hotelini. Bima ya safari inayolipa matibabu si ya hiari kwa kundi lenu.

Nunueni pia kairo, vifuko vidogo vyenye unga wa chuma ambao ukikutana na hewa hutoa joto kwa saa nyingi. Kibandikeni juu ya fulana sehemu ya kiuno, na kwa mama karibu na magoti juu ya suruali ya ndani. Kisigusane na ngozi, na asilale nacho, kwani huunguza polepole bila mtu kuhisi. Mafuta ya mgando kwa midomo na mikono, asubuhi na jioni. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi hula betri.

Chakula hakitawasumbua. Sapporo ndiyo nyumbani kwa rameni ya miso, bakuli la tambi na mchuzi mzito wa moto, na kuna jingisukan, nyama ya kondoo inayochomwa mezani penu juu ya kikaango cha chuma chenye mgongo kama kofia. Mezani hapo Wakenya hukaa muda mrefu kuliko walivyopanga. Asiyekula nguruwe aulize kabla, kwa sababu mchuzi wa rameni mara nyingi hutokana na mifupa yake. Pesa taslimu mtazihitaji kwenye vibanda vya sherehe. Bebeni dola kiasi, na kadi ya benki ya kutolea yeni kwenye mashine za maduka ya 7-Eleven.

Kuhusu simu za nyumbani, kuna jambo ambalo Mswahili hahitaji kulihesabu. Japani iko saa sita mbele yetu, na saa yetu ya Kiswahili inatofautiana na ile ya kizungu kwa saa sita vilevile. Kwa hiyo namba inayoonekana kwenye saa ya ukutani ya Sapporo ndiyo saa ya Kiswahili ya Nairobi. Ukutani ikisoma tatu alasiri, wajukuu Buruburu wako saa tatu asubuhi.

Dawa za mama ziwe ndani ya vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari, na zisizidi za mwezi mmoja. Zaidi ya hapo kunahitajika kibali cha Japani kabla ya kusafiri. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine ziacheni, nyingi haziruhusiwi. Nyama ya aina yoyote, iwe soseji au iliyokaushwa, hairuhusiwi kuingia.

Ndege ya moja kwa moja hadi Japani hakuna. Mtapitia Doha, Dubai au Addis Ababa, kisha Tokyo, kisha saa moja na nusu hadi uwanja wa New Chitose, na kutoka hapo treni ya dakika arobaini hivi. Angalieni jina la uwanja wa Tokyo: mkitua Narita na ndege ya Hokkaido inatoka Haneda, kuna safari ndefu ya kuvuka jiji na mizigo. Mwombeeni mama kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege mnapokata tiketi, hata kama anatembea. Hakilipiwi, na viwanja hivyo ni vikubwa.

Viza mtaomba ubalozi wa Japani, Upper Hill. Viza ya kuingia mara moja huwa halali miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo msiombe Oktoba, na msingoje Krismasi, kwani ofisi za serikali ya Japani hufungwa kuanzia 29 Desemba hadi 3 Januari. Mwisho wa Novemba ni wakati mzuri. Tiketi iwe imewekwa tu, bila kulipiwa, hadi viza itoke. Na hapa vyama hukosea: akaunti ya chama si ushahidi wa pesa za mtu mmoja mmoja. Kila mmoja apeleke taarifa yake ya benki, na kama fungu la chama litaingia humo kwa mkupuo, liambatane na barua ya mweka hazina na nakala ya kumbukumbu za mkutano mlioamua safari. Wewe ongeza karatasi za pensheni.

Wiki hii basi kusanyeni pasipoti tano mezani mwangalie tarehe za kwisha. Mkikuta moja inakaribia, mwenyewe aende Nyayo House kabla ya mambo ya hoteli. Na mama mumpeleke kwa daktari wa magoti mapema, akiwa na swali moja lililoandikwa: anaruhusiwa kutembea dakika ngapi bila kukaa. Mkishapata hiyo namba, nitumie, nami nitawachorea vituo vya kupumzika kutoka hotelini hadi sanamu ya mwisho ya Odori.